Neno la juma hili: "To read"

Mwanafunzi mmoja wa upande wa Muheto, katika milima ya Masisi, ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Katika zoezi lake la Kiingereza aliandika hivi: "I read at Muheto." Alitaka kusema kwamba anasoma Muheto, yaani shule yake iko huko. Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya neno la pili, wala hakuandika sababu. Mwanafunzi auliza: kosa ni lipi, ikiwa kamusi yake yaonyesha wazi kwamba "read" ni kusoma?

Kamusi yake haikumdanganya, lakini haikumwambia yote. Kamusi ndogo ni kama mpagazi mwenye haraka: hutua mzigo mlangoni akaenda zake, na kuufungua ni kazi ya mwenye nyumba. Basi tuufungue mzigo huu pamoja, maana ndani yake mna mambo mengi kuliko tulivyodhani, na mengine yatugusa sisi wazazi zaidi ya watoto wetu.

Mwingereza akisikia "I read at Muheto", huona mbele ya macho yake mtu aliyeketi Muheto na kitabu au gazeti mkononi. Atangoja aambiwe ni kitabu gani. Hatawaza shule hata kidogo. Kwa jambo la shule husema "I go to school at Muheto", yaani naenda shule huko, au "I am a pupil at Muheto". Aliye mkubwa, aliyefika sekondari ya juu au chuo kikuu, husema "I study". Kwa hiyo mstari mwekundu wa mwalimu ulikuwa wa haki, ijapokuwa neno moja la maelezo lisingemgharimu wino mwingi.

Sisi kwetu neno moja lachukua kazi zote hizo. Twaulizana "Unasoma wapi?" na maana yake ni shule. Twasema "Mtoto wa fulani aliacha kusoma darasa la nne", na maana yake ni kwamba ameacha shule. Huenda bado asoma barua na matangazo kila siku. Twasema "Padri amesoma Misa", lakini Mwingereza husema "to say Mass", yaani kuisema. Twasema pia "Nisomee barua hii", na hapa ndipo Kiingereza na Kiswahili hukutana: "Read me this letter." Mwanafunzi ashike jambo hili: penye maandishi yaliyo mbele ya macho, tumia "read", penye shule, acha.

Kuna mtego mwingine uliowanasa wengi. Neno hili huandikwa namna moja kwa wakati uliopo na kwa wakati uliopita, lakini halitamkwi namna moja. La sasa hutamkwa "riid", kwa sauti ndefu. La jana hutamkwa "red", sawasawa na jina la rangi nyekundu. Je, mtu aliye na karatasi tu mbele yake atajuaje? Atazame mwisho wa neno. "He reads the letter" ina herufi ya s, basi ni ya sasa: huisoma barua. "He read the letter" haina s, basi haiwezi kuwa ya sasa. Ni lazima iwe imepita: aliisoma barua. Lakini kwa "I", "you", "we" na "they" msaada huo haupo, na hapo huna budi kutafuta neno la wakati, kama "yesterday", jana, au "every day", kila siku. Waingereza wenyewe husoma sentensi mpaka mwisho, kisha hurudi nyuma kuitamka vema.

Tena Kiingereza huliendesha neno hili mahali ambapo Kiswahili hakifiki. "The notice reads" ni tangazo lasema. Yaani tangazo lenyewe lasemwa kwamba "lajisoma". "The thermometer reads thirty-nine" ni kipimo cha homa chaonyesha 39, na hapo mama akimbie kituo cha afya, asingoje somo la sarufi. "This book reads well" ni kitabu hiki chasomeka vizuri, na hapa twajivunia kidogo, kwa sababu Kiswahili kina kiungo chake cha kusema hivyo, someka, lakini Mwingereza hana, ikambidi kukipa kitabu kazi ya mtu.

Kuna na matumizi ya chuo kikuu. Huko Uingereza husemwa kwamba mtu fulani "read law", kwa maana alisomea sheria. Mwalimu Julius Nyerere alikwenda Edinburgh, nchi ya Uskoti, mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 akiwa na digrii ya Master of Arts. Mwingereza wa zamani angesema "he read for the degree". Angalieni jinsi Kiswahili kilivyo na akili hapa: twaongeza herufi moja tu, tukapata kusomea. Asomea ualimu, asomea uganga, asomea upadri. Mwanafunzi wa Muheto akifika huko ataruhusiwa kuandika "I read law", na mwalimu hatapiga mstari. Wamarekani, hata hivyo, hawatumii sana namna hiyo. Wao husema "study".

Hayo ni matumizi. Sasa tuje kwenye asili, na kwa kweli ndiyo iliyotufanya tuandike ukurasa mzima badala ya mistari mitano.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, neno hili lilikuwa "rædan", wala maana yake ya kwanza haikuwa kutazama maandishi. Lilikuwa na maana ya kushauri, kutoa shauri, kukisia, kufafanua jambo lililofichika. Kijerumani, kilicho ndugu yake, kimebaki na maana hizo mpaka leo: "raten" ni kushauri na pia ni kukisia, na "Rätsel" ni kitendawili. Hata Kiingereza cha leo kina neno "riddle", maana yake kitendawili, lililozaliwa na mama huyohuyo. Zamani liliishia na s, "rædels". Baadaye watu wakadhani ile s ni alama ya wingi, wakaikata. Ndivyo lugha zinavyojiendea, hazingoji ruhusa ya walimu.

Waingereza wa kale walikuwa na alama chache walizozichora juu ya mbao, mawe na mifupa, zilizoitwa runi. Mwaka 597 Baba Mtakatifu Gregorio Mkuu alikuwa amemtuma Augustino na wamonaki wenzake, nao wakafika Kent, kusini-mashariki ya nchi ile. (Huyu ni Augustino wa Canterbury, siye yule wa Hippo katika Afrika.) Nyuma yao vitabu vya Kilatini vikaongezeka nchini. Mtu akitazama alama zisizo na sauti, akatoa ndani yake sauti ya mwenziwe aliye mbali au aliyekwisha kufa, Waingereza waliiitaje kazi hiyo? Waliiita kwa neno la kutegua kitendawili. Kwao kusoma ni kutegua.

Yupo hata mfalme mmoja aliyepata aibu ya milele kwa neno hili. Jina lake Æthelred, aliyepata ufalme mwaka 978, akafa mwaka 1016. Jina lile maana yake ni "shauri bora". Watu, baada ya kuonja utawala wake na vita vya Wadeni, wakamtania "Unræd", yaani "asiye na shauri". Neno la kale lilipokwisha kusahauliwa, Waingereza wakaanza kumwita "the Unready", kana kwamba kosa lake lilikuwa kuchelewa kujitayarisha. Maskini mfalme, hata aibu yake wakaisoma vibaya.

Basi ndugu zetu wa Masisi wanaosema Kinyarwanda wamekwisha kutabasamu, nasi twajua sababu. Jioni, kazi za shamba zimekwisha, watoto wamezunguka moto, chungu cha viazi kinachemka, mmoja aita: "Sakwe, sakwe!" Wengine huitikia kwa sauti moja: "Soma!" Ndipo kitendawili hutolewa. Kwa Kiswahili twasema "Kitendawili!" na jibu ni "Tega!" Lakini katika Kinyarwanda neno la kufungulia vitendawili ni soma. Hatusemi kwamba Kinyarwanda na Kiingereza vilikopeshana. Hapana, vilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Twasema tu kwamba watu wa makundi mawili yasiyojuana waliweka kitendawili na kusoma katika kikapu kimoja.

Neno hili la soma twalikuta katika lugha nyingi za jamaa yetu ya Kibantu: Waganda wana "okusoma", Wanande wana "erisoma", Wanyarwanda "gusoma". Na huyu wa Kinyarwanda ana mambo yake mengine. "Gusoma" ni kusoma kitabu, ni kusoma Misa, ni kubusu, tena ni kunywa kidogo, kuonja kwa midomo. Mzee wa Masisi akiambiwa "soma" mbele ya mtungi wa pombe, hatafuti miwani.

Mataifa mengine yalikwenda njia nyingine. Warumi walisema "legere", na maana yake ya kwanza ni kuokota, kukusanya, kuchagua. Kutoka huko Wafaransa walipata "lire", neno mnalolijua tangu darasa la kwanza. Mtakubali kwamba "cueillir", kuchuma, na "élire", kuchagua mtu kwa kura, ni wa ukoo huohuo. Wajerumani nao wana "lesen", ambalo ni kusoma na pia kukusanya. Mavuno ya zabibu huitwa "Weinlese". Kwao kusoma ni kama kazi ya mama aliyeketi na ungo akichambua maharagwe: hili zima, hili limeoza, hili jiwe. Si ajabu kwamba hata sisi twasema "kuchambua habari". Waarabu wana "qara'a", kusoma kwa sauti, na jina la Kurani latoka hapo. Maana yake ni kisomo.

Wanafunzi wetu wa Kongo, wanaofundishwa kwa Kifaransa kabla ya kukutana na Kiingereza, wajihadhari hapa. "Lecture" ya Kifaransa ni kusoma. "Lecture" ya Kiingereza ni hotuba ya mwalimu wa chuo kikuu, na mara nyingine ni maonyo marefu ya baba kwa mtoto mkaidi. Maneno hayo ni mapacha kwa uso, lakini kila mmoja ana nyumba yake. Kusoma kwa Kiingereza ni "reading". Lakini "leçon" ya Kifaransa na "lesson" ya Kiingereza hupatana, na zote mbili zatoka katika "lectio" ya Kilatini, yaani kisomo. Sisi nasi tulifanya hivyohivyo bila kufundishwa na Warumi: kutoka soma tukapata somo. Tena somo ni zaidi ya mafundisho ya darasani. Somo wangu ni mtu tulioitwa jina moja, na Wakatoliki wengi humwita hivyo mtakatifu waliyepewa jina lake katika ubatizo. Pwani, somo ni mwanamke mtu mzima anayemshauri msichana anapokua na anapoolewa. Shauri tena! Tumerudi kwa Waingereza wa kale na "rædan" yao.

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu neno hili limewahi hata kuwa jina la watu. Waprotestanti walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe mwaka 1879. Watu waliokwenda kwao kufundishwa waliitwa "abasomi", wasomaji. Neno halikuuliza kama huyu ajua herufi zote au bado. Aliyekwenda kusoma ndiye aliyekwenda kuifuata dini, na mpaka leo Mganda aweza kusema "okusoma" kwa maana ya kwenda kusali kanisani. Waandishi wa historia kwa Kiingereza walipowaandika watu hao, wakawaita "the readers". Hapo Kiingereza kiliazima maana yetu, nasi tusisahau kuidai.

Jina hilo lilikuwa na gharama. Mwezi wa Mei 1886 Kabaka Mwanga alimkuta kijana Denis Ssebuggwawo, mtumishi wa ikulu, akatambua kwamba alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikkiro. Ssebuggwawo akauawa kwa sababu hiyo. Tarehe 3 Juni mwaka huohuo Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza watakatifu Mashahidi wa Uganda tarehe 18 Oktoba 1964. Hao ndio waliobeba neno kusoma kwa uzito wake wote.

Sasa turudi nyumbani, Masisi na Walikale, maana hapa ndipo neno letu latudhuru bila sisi kutambua. Kwa kuwa kusoma ni kwenda shule na pia ni kufahamu maandishi, mzazi akiulizwa "Mtoto wako anasoma?" hujibu "Ndiyo, anasoma", na moyo wake watulia. Ameona sare, ameona daftari, ameona mtoto akiondoka asubuhi. Je, ni kusoma kupi alikokuthibitisha? Mwingereza hawezi kujificha hivyo, kwa sababu lugha yake humlazimu kuchagua. "He goes to school" ni jambo moja. "He can read" ni jambo jingine kabisa.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 iliandika kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 jambo hilo likaanza kutendwa. Wazazi waliokuwa wakilipa "prime" ya walimu walipumua, na madarasa yakajaa. Lakini Banki ya Dunia imekadiria, katika miaka hii ya 2020, kwamba katika Kongo watoto kama 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kufahamu maandishi mafupi mepesi. Walioweka kipimo hicho hawakusema kusoma tu, walisema kusoma na kufahamu. Wengi wa watoto hao waenda shule. Kwa Kiswahili chetu, wote hao "wanasoma".

Hatuwalaumu watoto, wala walimu peke yao. Tunajua habari za Masisi. Mwaka 2023 na 2024 familia nyingi zilikimbia vita zikalala katika kambi za Bulengo na Rusayo, pembeni ya Goma, na mtoto aliyekosa mwaka mzima wa darasa la pili hawezi kuurudisha kwa kuingizwa darasa la nne. Tunajua pia mtoto aanzaye kusoma kwa lugha asiyoisikia nyumbani. Huyo aweza kutamka ukurasa wote wa Kifaransa, sauti nzuri, nukta na mkato mahali pake, mwalimu akaridhika, wala asijue kama habari ilikuwa ya sungura au ya daraja. Macho yameona, mdomo umetamka, kitendawili hakikuteguliwa. Kwa Mwingereza wa mwaka 900 huyo hajasoma bado.

Mama mmoja aweza kutuambia: "Mimi sijui hata herufi moja, nitampimaje mwanangu?" Atampima vizuri kuliko anavyodhani. Amwambie mtoto alete kitabu, asome ukurasa mmoja, kisha afunge kitabu. Ndipo amwulize kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kinyarwanda, kwa lugha yoyote ya nyumbani: "Ukurasa ule umesema nini?" Mtoto aliyefahamu atasimulia, hata kama maneno yake ni machache. Asiyefahamu atarudia maneno yaleyale ya kitabu, au atatazama chini. Mama hahitaji herufi kutambua tofauti hiyo. Ameitambua siku zote katika vitendawili vya jioni, ambapo anayejua jibu hulitoa, na asiyejua husema "Nimeshindwa", nasi humpa jibu pasipo kumcheka. Fanyeni hivyo mara mbili katika juma, si zaidi, mtoto asichoke. Mkiona hafahamu, nendeni kwa mwalimu mkamwambie jambo hilohilo kwa upole: "Anatamka, lakini hafahamu." Mwalimu mwema atajua pa kuanzia.

Kwa wanafunzi, tafsirini sentensi hizi kwa Kiswahili, na chini ya kila neno "read" andikeni kama latamkwa "riid" au "red": "My sister read the whole book yesterday." "She reads to our grandfather every evening." "The notice reads: No school on Monday." "They read the letter, but they did not understand it." Mwenye kuandika "walisoma" katika ile ya mwisho aongeze maelezo mafupi: je, Mwingereza wa kale angekubali kwamba barua ile ilisomwa? Majibu mtayakuta hapa juma lijalo.